Raba Mbili Juu ya Springi

“Kwa hiyo fundi Tajewo hakukosea?”

Nilimuuliza mjomba wangu Eliud swali hilo Jumapili moja ya Novemba, mwaka 2019, nyuma ya nyumba yake Ganako, pale Karatu. Alikuwa anatoka kinyumenyume chini ya gari lake, shati la kanisani limejaa vumbi jekundu, mkononi ameshika vipande viwili vya raba nyeusi.

Sikuuliza kwa ubaya. Nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kuuliza kila kitu, na tangu tutoke ibadani nilikuwa nimemuuliza maswali yasiyopungua kumi: shokapu ina nini ndani, kwa nini nati nyingine zinagoma na nyingine hazigomi, nani aliyebuni jeki. Yote alinijibu. Hilo hakulijibu. Alikwenda bombani akanawa mikono, akanawa, akanawa, mpaka mkewe, anti Monika, akamwambia, “Funga maji, Baba Anneth, hiyo mikono ilishatakata.”

Nilikaa na swali hilo karibu miaka mitano. Naliandika kwa sababu hii ni habari ya jina la mtu, jina zuri la fundi, ambalo mjomba alilichafua kwa mdomo wake. Na sisi watatu tuliokuwa nyuma ya nyumba siku ile tulijua, tukanyamaza.

Mjomba Eliud alizaliwa Marangu, akaja Karatu akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili kuosha magari ya wageni. Kiingereza alijifunzia hapohapo kwenye ndoo. Ndege alijifunza kwa masikio. Mpaka leo ukiwa naye kwenye msitu wa ukingoni mwa kreta anainua kidole, anasema, “Sikiliza, huyo ni dume, anamwita mkewe,” na wewe hujaona hata unyoya. Kwaya anaimba besi. Mashati anapiga pasi mwenyewe, haamini mkono wa mtu. Baada ya miaka kumi ya kuendesha magari ya watu alinunua lake, kuukuu, la viti saba na paa la kuinuka, akawa anakodiwa na kampuni za utalii msimu kwa msimu. Ni mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele inaweza isionekane. Ana udhaifu mmoja ninaoujua: havumilii kuchekwa.

Na madereva wa Karatu wanajua kucheka. Kijiwe chao kiko pembeni ya sheli, kwenye mabenchi ya mama wa chai, ambako wanasubiri wageni wao wamalize kula hotelini. Mkuu wa utani pale ni Godson, ambaye gari lake limeinuliwa mpaka mgeni mzee anahitaji kigoda kupanda. Kwa madereva wetu gari refu ni heshima. Linapita kwenye tope, halikwaruzi tumbo kwenye mawe, na mgeni anaona juu ya nyasi. Fupi ni aibu.

“Eliud,” Godson alikuwa anasema, “wageni wa wenzako wanaona shingo ya twiga. Wa kwako wanaona magoti.”

“Magoti yenyewe wanayaona kwa shida,” anadakia mwingine. “Likiingia kwenye nyasi tunaona antena tu, inatembea.”

Basi mwaka ule mjomba aliagiza Arusha springi mpya, ndefu na ngumu kuliko zilizokuja na gari, pamoja na shokapu zake, akampelekea Tajewo azifunge.

Tajewo alikuwa na gereji ya mabati nyuma ya sheli. Alikuwa Mmasai wa Arash, kule Loliondo, aliyejifunza ufundi ukubwani, na asubuhi za baridi alikuwa anavaa shuka juu ya ovaroli yake ya bluu. Mwanzoni watu walikwenda kumtazama kama sinema. “Mmasai na spana, wapi na wapi?” Lakini kazi yake ilikuwa haina maneno. Alikuwa akifunga nati anaitia alama ya rangi nyeupe, ili ikilegea aone. Hata Godson alipeleka gari pale, ingawa alimwita yero, kama wanavyoitwa vijana wa Kimasai, badala ya fundi. Binti yake, Nashipai, tulikuwa darasa moja. Alikaa dawati la mbele yangu.

Alizifunga springi siku moja. Gari likainuka vizuri, mjomba akalipeleka kijiweni taratibu, kama mtu anayetembeza bibi harusi. Godson akalizunguka mara mbili.

“Sasa angalau wanaona paja,” alisema. Kijiwe chote kikacheka.

Kilichofuata nimesimuliwa na anti Monika. Mjomba alirudi kwa Tajewo jioni ileile akamwambia amwongezee urefu, hata vidole viwili, aweke kitu chochote juu ya springi. Tajewo akakataa.

“Bwana Eliud,” alimwambia, “springi ndiyo inabeba gari. Shokapu kazi yake ni kulituliza lisirukeruke. Sasa shokapu ni kama kamba ya ndama, ina mwisho wake. Ukisogeza ng'ombe mbali, kamba hairefuki. Ndama ataruka, atafika mwisho wa kamba, itamkaba. Ukiinua gari hapo, gurudumu likiingia shimoni shokapu itavutwa mpaka mwisho. Itagonga. Mwisho itakatika.”

“Wewe nifungie tu.”

“Hiyo sifungi.”

Mjomba hakubishana. Siku ya mnada alikwenda kwa mzee anayeshona makatambuga, zile ndala za tairi, akamkatisha vipande viwili vya mviringo kutoka kwenye tairi la lori. Vilikuwa vinene kama andazi na meno ya tairi yakiwa bado juu yake. Jumamosi, nyumbani, akapiga jeki, akavisukuma juu ya springi za nyuma, kimoja kila upande. Anti Monika alikuwa anaanua nguo, alimwona. Gari likapanda vidole viwili. Jumatatu Godson hakuwa na la kusema, na mjomba hakumwambia mtu jinsi lilivyopanda.

Siku chache baadaye kelele ikaanza. Ko. Ko-ko. Barabara ya lami kimya, ukipita geti la hifadhi na kuanza vumbi, ko. Mjomba alikuwa amebeba wageni wawili wazee, mume na mke, na kila mara gari lilipogonga yule mama alimshika mumewe mkono na kuuliza kama ni salama. Mjomba akasema ni barabara. Walipoteremka kreta yule mama aliuliza mara tisa. Mahali pa kulia chakula cha mchana, chini kule bwawani, madereva wote walikuwa wameshasikia.

“Eliud,” Godson aliita kwa sauti, “umebeba wageni au umebeba masufuria?”

Wakacheka. Mjomba aliniambia mwenyewe, miaka baadaye, kwamba pale alihisi masikio yanawaka na mdomo ukatangulia.

“Si mimi. Ni yule Mmasai wenu,” alisema. “Mtu wa kuchunga ng'ombe utampa springi? Amefunga kama anafunga ndama.”

Wakacheka zaidi, lakini sasa walikuwa wanamcheka Tajewo. Mjomba anasema alisikia nafuu kama mtu aliyetua mzigo. Hakukumbuka zile raba hata kidogo. Hapo mimi namwamini. Alikuwa ameziweka wiki nzima nyuma, gari lilikuwa zuri siku za mwanzo, na akili yake ilikuwa imeshapata mtu wa kulaumu.

Maneno yalifika gerejini kabla ya mjomba kurudi mjini. Kesho yake alikuwa ananirudisha nyumbani kutoka shuleni, akasimama sheli kujaza mafuta. Tajewo akaja, spana mkononi, akasimama upande wa dereva. Mimi nilikuwa kiti cha mbele.

“Shikamoo, fundi,” nilimwambia.

“Marahaba, mwanangu.” Kisha akamgeukia mjomba. “Bwana Eliud, nimesikia gari linalia. Niruhusu nilale chini nitazame. Kama ni mkono wangu, nitasema ni mkono wangu, hapahapa mbele ya watu.”

Benchi zima lilikuwa linatutazama, chai mkononi.

“Usiliguse,” mjomba alisema. “Umelishika mara moja, inatosha.”

“Kutazama tu.”

“Nimesema usiliguse.”

Mtu mmoja akacheka puani. Tajewo aliinama kidogo palepale aliposimama, akaangalia juu ya gurudumu la nyuma, akaangalia kwa muda. Kisha akamtazama mjomba usoni. Nilidhani atasema kitu. Aligeuka akaenda zake, na ile spana alikuwa ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Jumapili ikaja. Mjomba alikuwa ameamua kutafuta kelele mwenyewe, na hakubadili hata shati la kanisani. Sasa naona ilikuwa kazi nzuri sana, kama isingekuwa na mwisho wake. Kwanza alitoa kila kitu ndani ya gari: jeki, spana, kreti ya maji, viti vya pikiniki. Akalipitisha kwenye mtaro wa maji ulio mbele ya geti lao. Ko. Akashusha tairi la akiba. Akapitisha tena. Ko. Akashika bomba la moshi akalitikisa, lilikuwa zima. Akamwagia maji ya sabuni kwenye raba zote za maungio chini ya gari, maana raba kavu hulia, na sabuni huinyamazisha kwa dakika chache. Ko.

“Kelele ya kulia na kelele ya kugonga si ndugu,” aliniambia. “Hii inagonga. Kuna chuma kinakutana na chuma.”

Akamwambia anti Monika akalie bampa la nyuma, apande na kushuka. Anti alipanda na kushuka na gauni lake la kanisani. Gari likapanda na kushuka, kimya kabisa.

“Likiwa limekaa chini halisemi,” mjomba alisema. “Linasema likining'inia.”

Ndipo alipochukua mwiko wa ugali.

“Weee!” anti Monika alipiga kelele. “Huo tunasongea ugali!”

“Nitauosha.”

Alipiga jeki kwenye chasisi, akasukuma magogo mawili makubwa kama kinga, maana haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Akalala chali. Ncha moja ya mwiko akaigusisha kwenye shokapu, nyingine sikioni. “Pandisha taratibu.” Anti akapandisha jeki. Gari likapanda, gurudumu likabaki chini, likaanza kuning'inia, na mara tu lilipoacha udongo: ko. “Shusha. Pandisha.” Ko. Kila gurudumu lilipoacha udongo, ko. Shokapu ilikuwa imevutwa mpaka mwisho wake.

Miguu ya mjomba tu ndiyo tuliyokuwa tunaiona, na haikusogea.

“Umeona nini?” nikauliza. Anti Monika aliinama, akatazama juu ya springi, akasimama wima.

“Si zile raba zako za makatambuga?” alisema.

Kutoka chini ya gari ikatoka sauti ndogo: “Niletee ile spana namba kumi na saba.”

Alizitoa zote mbili. Akashusha gari, akalipitisha mtaroni, kimya. Akarudi kinyumenyume, kimya. Akaingia chini kwa mara ya mwisho kukaza nati, akakaa huko tena muda mrefu, na alipotoka na zile raba mkononi ndipo nilipouliza swali langu.

Jumatatu alikwenda kijiweni. Godson alitega sikio gari likipanda ukingo wa sheli.

“Dah! Limepona!”

“Nimelitengeneza mwenyewe,” mjomba alisema.

“Nani alikuwa ameharibu?”

Mjomba alinyanyua mabega tu. Baadaye alijitetea kwa hilo, kwamba Jumatatu ile hakutaja jina la mtu. Ni kweli, hakutaja. Walijaza wenyewe.

Na mimi je? Siku hiyohiyo, darasani, nilimwambia jirani yangu kwa sauti ya kusikika kwamba mjomba wangu ni fundi kuliko mafundi, amelala chini ya gari na mwiko mpaka kelele imekwisha. Sikusema lolote kuhusu raba. Nilijua za raba, nikaziruka, kwa sababu habari ilikuwa inapendeza zaidi bila hizo. Nashipai alikuwa mbele yangu. Hakugeuka. Niliona shingo yake tu, na ushanga mwembamba chini ya kola, na niliona ameacha kuandika.

Mwezi wa kwanza wa 2020 magari yaliacha kwenda kwa Tajewo. Mwezi wa pili aling'oa mabati, akahamia Mang'ola kutengeneza malori ya vitunguu, na dawati la mbele yangu likakaliwa na mtu mwingine. Mwezi wa tatu ikaingia korona, wageni wakakatika, kila mtu akafunga. Mjomba alikuwa akisema, “Hata angebaki, korona ingemfunga.” Lakini mimi miezi naihesabu. Gereji ilifungwa kabla.

Wageni waliporudi, jambo la ajabu likatokea. Madereva walianza kuleta magari Ganako. Kila Jumapili baada ya ibada ungekuta mawili, matatu yamepanga foleni getini, kila moja na kelele yake. Walimwita Daktari. Na alikuwa anajua kweli, sitaki kumpunja. Alikuwa anakaa kiti cha nyuma, macho kafumba, dereva akipita mtaroni, kisha anasema, “Mbele kulia, raba ya juu imekufa,” wanafungua, imekufa. Kuna aliyeleta gari ambalo washa za shokapu, vile vibati vya duara, zilifungwa juu chini, mjomba akajua kabla ya kushika spana. Hakuomba malipo, wengine walileta vitunguu au kuku. Lakini mtu akimsifu alikuwa anakuwa kama ameumwa na kitu. Anasema “haya, haya,” anageuka, anatafuta kitu cha kuokota chini.

Nilipokuwa kidato cha nne, likizo ya Juni 2024, alikuja mwanamke anayeitwa Martha. Alikuwa msimamizi wa magari wa kambi moja ya watalii juu ya ukingo wa kreta. Alikaa sebuleni, akakataa chai, alikuwa na haraka.

“Mzee Eliud, tunatafuta fundi wa kukaa kambini, wa mambo ya springi hasa. Ameomba mmoja yuko Mang'ola, anaitwa Tajewo. Kazi yake nimeiona, nimeipenda. Lakini nimeuliza pale sheli, wote wananiambia niulize wewe. Wanasema aliwahi kukuharibia gari. Ni kweli?”

Ilikuwa ndiyo au hapana. Kazi ya mtu ilikuwa juu ya meza ile, karibu na kikombe. Niliangalia mdomo wa mjomba.

“Nipe mpaka Ijumaa,” alisema.

“Ijumaa?” Martha alishangaa. “Haya. Ijumaa nitapita sheli saa nne kuweka mafuta.”

Alipoondoka, aliyesema ni anti Monika.

“Baba Anneth, mimi nimelala na hizo raba miaka mitano. Nimechoka.”

Alitoka nje. Kwenye ua wao amepanda masale aliyoyatoa kwao mlimani. Kwa Wachaga ukimkosea mtu unamletea jani la isale, umelifunga fundo, na anayeletewa hakatai. Hata awe na hasira ya namna gani, atakusamehe. Alikata jani moja, akalifunga fundo, akaliweka juu ya meza mbele ya mumewe. “Kesho Mang'ola.”

Tulikwenda watatu. Njia ile ina mashimo ya kutosha na gari halikutoa hata sauti, na hicho ndicho kilikuwa kibaya zaidi. Tulimkuta Tajewo chini ya lori la vitunguu. Alipotoka, ovaroli ilikuwa nyingine lakini rangi nyeupe ilikuwa ileile vidoleni. Nashipai alikuja na viti, akatusalimia mmoja mmoja kwa heshima, hakunitazama. Nilimwita jina. Akasema, “Abee,” akasubiri, na mimi sikuwa na neno lolote la kuweka baada ya jina lake. Akaondoka.

Mjomba alimpa Tajewo lile jani kwa mikono miwili. Tajewo aliligeuza.

“Hii ni dawa ya nini, bwana Eliud? Mbuzi?”

Hakuna aliyecheka. Anti Monika akamweleza. Mjomba akaongeza, macho chini, “Zilikuwa raba. Niliziweka mimi. Nilikuja kuziona Jumapili ile.”

“Mimi niliziona Alhamisi,” Tajewo alisema. “Pale sheli, nikiwa nimesimama. Meno ya tairi yalikuwa yanachungulia.”

Mjomba aliinua kichwa. “Ulijua? Mbona hukusema?”

“Ungesema ameziweka nani?”

Sote tulijua angemtaja nani.

Tajewo aliliweka jani mfukoni, pole pole. “Kwetu mtu akishika nyasi mbele yako, unanyamaza, ugomvi umekwisha. Naona hili ni kama nyasi. Basi mimi nimenyamaza. Lakini bwana Eliud, mimi sikuwa ninapiga kelele. Wanaopiga kelele ni wale wa benchi. Hili jani kule halijafika.”

“Nitamwambia Martha faraghani,” mjomba alisema haraka. “Nitampigia simu leo leo.”

“Kunisema, ulinisemea faraghani?”

Kisha akatuaga, akarudi chini ya lori.

Niandike kabisa kilichotokea baadaye. Tajewo alipata ile kazi, yuko kambini mpaka sasa. Magari ya Jumapili yalikoma kuja Ganako kwa miezi, na Godson anamwita mjomba Bwana Raba hadi leo, hata mbele ya wageni. Anti Monika anasema analala vizuri. Nashipai nilimwandikia ujumbe, akasoma, hajajibu, na sioni kwa nini ajibu. Mjomba na Tajewo hawakuwa marafiki. Wakikutana njiani wanapungiana mkono, basi.

Lakini Ijumaa ile hakuna kati yetu aliyejua hayo. Saa nne gari la Martha liliingia sheli. Benchi lilikuwa limejaa. Mjomba alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, chai yake imepoa bila kuguswa, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake kwa sababu aliniomba niende naye.

Martha aliteremsha kioo. “Mzee Eliud! Nimekuja kuchukua jibu langu. Yule fundi aliharibu gari au hakuharibu?”

“Aliharibu!” Godson alijibu kutoka mwisho wa benchi. “Tuliambiwa alifunga kama anafunga ndama!”

Kicheko kilekile, watu walewale. Mjomba alisimama. Niliona mkono wake unatafuta mfuko na kuukosa. Wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, maana walidhani anaumwa. Hakumtazama Martha, hakumtazama Godson. Alinigeukia mimi, lakini alisema kwa sauti ya besi ya kanisani, iliyofika mpaka kwenye pampu.

“Winnie, uliniuliza swali ukiwa darasa la sita, sikukujibu. Hakukosea. Raba nilizikatisha mimi mnadani, nikaziweka mimi, nyumbani kwangu, fundi akiwa ameshanikataza. Na usidhani nilikuwa sijajua ulipouliza. Nilijua nikiwa bado nimelala chini ya gari. Nilikaa hukohuko natafuta la kuwaambia.”